Binti Mrimba Hana Jina: Uhakiki wa Masimulizi ya Magofuni

Wahakiki wa fasihi simulizi wamekwisha kuandika mengi juu ya ngano, vitendawili, nyimbo za arusi na majigambo ya vita. Liko tawi moja ambalo halijapewa haki yake, ingawa linasimuliwa kila siku na kusikilizwa na watu wa mataifa mengi, nalo ni masimulizi ya mwongozaji wa wageni magofuni. Mtu huyu ni fanani kamili. Analo jukwaa lake, yaani kuta, visima na makaburi. Anayo hadhira inayomfuata hatua kwa hatua. Anao mpango wa hadithi, kwa kuwa njia anayoipita ndiyo inayoamua jambo gani litangulie na lipi lifuate. Katika makala haya tunakusudia kuyapima masimulizi hayo kwa mizani ile ile tunayopimia ngano, tena mbele ya hadhira moja maalumu: bwana na bibi arusi walio katika fungate.

Tuanze na neno lenyewe. Fungate ni neno la kale la hesabu ya saba, na ndugu zetu Wamijikenda mpaka leo husema fungahe wanapohesabu. Katika desturi ya mwambao, fungate zilikuwa siku saba za kukaa ndani baada ya arusi. Maarusi hawakutoka, waliletewa chakula, na bibi arusi alikuwa na somo wake wa kumfunza mambo ya unyumba, matamu na machungu. Siku hizi neno limepanua maana. Watu husema fulani wamekwenda fungate kama wanavyosema wamekwenda safari, na miongoni mwa wanaozuru magofu ya mwambao wamo waliooana juzi tu. Hatuyalaumu mabadiliko haya, maana lugha iliyo hai haikai mahali pamoja. Lakini hapana budi kuuliza: ikiwa somo amebaki nyumbani, ni nani anayesema na maarusi katika siku hizo saba? Magofuni jibu ni moja. Anayesema ni mwongozaji. Yeye ameshika nafasi ya somo, apende asipende, na kwa hiyo maneno yake yana uzito kuliko anavyodhani mwenyewe.

Ili uhakiki wetu usielee hewani, tumechagua mahali pawili. Pa kwanza ni Kilwa Kisiwani, katika mwambao wa kusini wa Tanzania, ambako matembezi ya magofuni yamekwisha kuwa na sura maalumu. Pa pili ni ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, Zambia, kuanzia Nchelenge kupanda hadi Mununga, katika nchi ya Chifu Mununga wa Washila. Msomaji anaweza kushangaa kuona mahali hapa pawili pamewekwa pamoja, kwa sababu baina yake pana umbali wa karibu kilomita 1,200, na kwa sababu Mununga ni mji wa wavuvi wala si mji wa misikiti na majumba ya kale ya mawe. Lakini mtu akitoka Kilwa akaelekea magharibi moja kwa moja, bila kupanda wala kushuka sana, atatokea karibu na Nchelenge. Na akitazama ziwani ataona kisiwa kiitwacho Kilwa. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, uko na mji wa jina hilo hilo.

Hapa pana mtego wa kwanza, na twataka kuutegua mapema. Ni rahisi mno kwa msimulizi kusema kwamba watu wa pwani walifika ziwani wakakipa kisiwa jina la kwao. Hadithi hiyo ingewafurahisha wasikilizaji. Lakini kufanana kwa majina si ushahidi. Malawi nayo ina ziwa liitwalo Chilwa, na hakuna anayelazimika kulifunga na pwani. Tumeziweka Kilwa mbili pamoja kwa sababu nyingine: kila moja ina hadithi ya jinsi nchi ilivyotoka kwa wenyeji ikaingia mikononi mwa wageni, na katika kila hadithi yupo mwanamke aliyesimama mlangoni.

Tutazame kwanza matembezi ya Kilwa Kisiwani. Mgeni huvuka kwa chombo kutoka Kilwa Masoko, akashukia karibu na Gereza, ngome iliyo ufukoni. Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji mwaka 1505, wakajenga ngome, wakaondoka mwaka 1512. Jengo linaloonekana sasa limejengwa upya na Waomani. Kisha huja Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya zamani iko upande wa kaskazini, na sehemu yake kubwa yenye kuba iliongezwa katika karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Huyu ndiye sultani aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, akasifiwa kwa ukarimu hata akaitwa baba wa vipawa. Mwongozaji hupitisha wageni kwenye msikiti mdogo wa kuba na kwenye Makutani, kisha huwapeleka mashariki mpaka Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya mia lililo juu ya bahari, na birika lake la pembe nane. Mtaalamu Neville Chittick aliyachimbua mengi ya haya tangu mwisho wa miaka ya 1950, akatoa kitabu chake mwaka 1974. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalitiwa katika orodha ya urithi wa dunia, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalihesabiwa kuwa hatarini, kwa kuwa mawimbi na mmomonyoko vilikuwa vinayala.

Kwa upande wa fani, matembezi haya yamepangwa vema. Yanaanza na ngome ya mgeni mkali na yanaishia kwenye jumba la mwenyeji tajiri, kwa hiyo msikilizaji anaondoka na fahari wala si na uchungu. Ni sifa ambayo hatuna budi kuitambua. Kwa miaka mingi wakoloni waliandika kama kwamba mwambao huu haukuwa na watu mpaka ulipoletewa watu. Mwongozaji anayesimama Husuni Kubwa akaonyesha kazi ya mafundi wa karne ya 14 anawajibu wakoloni hao kwa vitendo, na vijana wawili walioanza maisha yao juzi wanapata kitu cha kujivunia.

Kasoro tunaiona katika maudhui, hasa katika hadithi ya mwanzo wa mji, ambayo ndiyo kiini cha matembezi. Hadithi hiyo aghalabu husimuliwa hivi: alikuja mwana wa mfalme kutoka Shiraz, jina lake Ali, akakitaka kisiwa, mwenye kisiwa akamwambia akizungushie nguo, Ali akazungusha, kisiwa kikawa chake. Wageni hucheka kwa furaha. Kwa maarusi hadithi hii ina ladha ya pekee, kwa sababu inafanana na habari za mahari na zawadi, na nguo ni kitu wanachokijua vizuri tangu siku ya arusi yao. Basi matembezi huendelea.

Lakini hadithi ya mwanzo wa Kilwa imetufikia katika maandishi ya namna tatu, wala hayasemi jambo moja. Liko andiko la Kiarabu, lililotungwa katika karne ya 16. Liko la Kireno, ambalo João de Barros alilitia katika kitabu chake cha mwaka 1552. Na liko la Kiswahili, ambalo Mjerumani Carl Velten alilichapisha mwaka 1907 baada ya kulipata kwa wenyeji. La Kiarabu na la Kireno yanazungumza habari za ununuzi: mnunuzi, muuzaji, bei. La Kiswahili linaongeza arusi. Kwa mujibu wa andiko hilo, mzee wa kisiwa aliitwa Mrimba. Ali alimpa zawadi, akaomba kukaa, akakubaliwa, kisha akamwoa binti yake. Baada ya kukaa kwa wema, Ali alimtuma mkewe akamwambie baba yake kwamba ni afadhali ahamie bara. Mrimba alikubali kwa sharti la nguo. Nguo zikatandazwa, mzee akavuka. Huko bara akakusudia kurudi kwa vita, lakini mkondo ambao maji yakipwa ulikuwa ukivukika kwa miguu ulikuwa umekwisha kuzuiwa kwa kisomo na kafara. Akabaki bara. Mtoto aliyezaliwa na binti yake ndiye aliyekuja kupokea mamlaka ya babu.

Sasa tunaona ni nini kilichodondoka njiani. Masimulizi ya magofuni yameifuata njia ya wanachuoni wa Kiarabu na wa Kireno, yakaiacha njia ya wasimulizi wa Kiswahili wenyewe. Nguo imebaki, binti ametoweka. Tena ajabu ni kwamba binti ametoweka mbele ya hadhira ambayo ingemwelewa kuliko nyingine zote. Bibi arusi aliyeiacha nyumba ya baba yake wiki iliyopita angejua mara moja uzito wa kutumwa na mume kwenda kumwambia baba ahame. Badala yake anapewa hadithi ya kitambaa kirefu.

Twende sasa Mweru. Kabla ya kuja kwa Walunda, nchi na maji ya huko yalikuwa ya Washila, na mtawala wao aliitwa Nkuba. Nkuba alikuwa na dada, Nachituti. Katika nchi hizo ukoo huhesabiwa kwa mama, kwa hiyo mwana wa dada si mtoto wa jirani. Yeye ndiye tumaini la ukoo. Nkuba alimshuku mpwa wake kuwa amefanya hiana na mkewe, akamwua, na kwa jinsi hadithi isimuliwavyo, ngozi ya kijana ikafanywa kitu cha kukalia, na mama yake akaketishwa juu yake bila kujua. Alipofahamu, Nachituti alimwendea Mwata Kazembe wa Walunda, akaomba kisasi. Nkuba akauawa. Ndipo Nachituti alipochukua udongo ndani ya kikapu na maji ndani ya chombo, akamkabidhi Kazembe, kuonyesha kwamba amempa nchi na ziwa. Mapokeo ya Walunda yaliandikwa kwa Kibemba katika kitabu Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi cha mwaka 1951, kilichotoka kwa jina la Mwata Kazembe wa 14. Na mwanahistoria David Gordon alikipa kitabu chake cha mwaka 2006 jina la zawadi ya Nachituti, akaonyesha jinsi hadithi hiyo ilivyotumiwa katika madai ya umiliki wa nchi na wa maji ya kuvulia mpaka nyakati zetu.

Tukizilinganisha hadithi hizi mbili kwa umbo, zinakaribiana mno. Katika kila moja wapo wenyeji, yupo mgeni mwenye nguvu, na kuna eneo lililozungukwa na maji au lililo la maji. Mwanamke wa ukoo wa wenyeji anasimama baina ya pande mbili, na kitu cha mkononi, nguo kule, udongo na maji huku, kinakuwa hati ya umiliki. Hata hivyo tofauti ni kubwa kuliko mfanano. Nachituti anasema kwa kinywa chake. Ana hasira yake, ana dai lake, na anachokitoa anakitoa mwenyewe. Binti Mrimba anasema mara moja tu, tena maneno ya mumewe. Baada ya kuufikisha ujumbe hatumsikii tena. Na juu ya yote, Nachituti ana jina. Binti Mrimba hana.

Kwa nini? Wako watakaosema haraka kwamba Mweru waliwaheshimu wanawake na pwani haikuwaheshimu. Sisi hatukubali maelezo mepesi kama hayo. Hadithi ya Nachituti ilitunzwa hasa na upande uliotawala. Nyumba ya Kazembe ilihitaji shahidi wa kusema kwamba Walunda hawakunyang'anya, walipewa. Na shahidi asiye na jina si shahidi. Kwa maneno mengine, Mweru hati ya nchi ilikuwa Nachituti mwenyewe. Kilwa hati ilikuwa nguo, na watawala waliokuwa na nguo hawakuhitaji jina la binti. Jina halitunzwi kwa mapenzi peke yake. Hutunzwa pale panapokuwa na mtu wa kulitumia.

Lakini tazama tena andiko la Kiswahili. Mamlaka ya bara yalimfikia mwana kutoka kwa babu mzaa mama. Nguo haikutosha. Ilinunua kisiwa, haikununua kukubaliwa na watu wa upande wa pili. Kukubaliwa huko kulipita katika tumbo la binti. Kwa hiyo mwongozaji anayesimulia nguo peke yake amesoma nusu ya hati, na nusu aliyoiacha ndiyo inayoeleza kwa nini mji ulidumu.

Wala jambo hili si la hadithi tu. Mnamo Machi 2023 wataalamu wa chembe za urithi walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wao kutoka miji ya mwambao, Kilwa na Songo Mnara zikiwamo. Walikuta kwamba kwa wengi wa watu wa miji hiyo zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka Afrika, tena hasa kwa upande wa wanawake, na kwamba sehemu kubwa ya asili ya Asia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza kufikia mnamo mwaka 1000. Hatuna budi kusoma matokeo haya kwa uangalifu, maana waliochunguzwa ni zaidi wale waliozikwa kwa heshima karibu na misikiti, wala si umma wote wa mji. Tena hayathibitishi kwamba aliishi Ali mmoja au Mrimba mmoja. Yanathibitisha jambo lililo kubwa zaidi: kwamba mabinti Mrimba walikuwapo, walikuwa wengi, na bila wao hapangekuwa na watu wa kuzijenga kuta hizo wala wa kuisema lugha hii tunayoifundisha.

Sasa tumfikirie bibi arusi aliyezaliwa Mununga, akaletwa Kilwa Kisiwani na mumewe katika fungate. Tunamtaja kwa mfano tu. Huyu amelelewa mahali ambapo hadithi ya mwanzo wa nchi haina jengo la kuonyesha, ina jina. Akiisikia habari ya nguo iliyozungushiwa kisiwa, swali lake la kwanza huenda lisiwe urefu wa nguo. Atauliza aliyekuwa mwenye kisiwa alikuwa na watoto gani. Na akiambiwa kwamba alikuwa na binti, atauliza aliitwa nani. Hapo mwongozaji, mwenye magofu makubwa kuliko yote ya kusini mwa mwambao, atakuwa maskini mbele ya mgeni aliyetoka kwenye kijiji cha wavuvi. Mawe yamehifadhiwa kwa fedha na kwa sheria, na hilo ni jambo la kushukuru. Jina halikupata mlinzi.

Liko jambo la pili ambalo masimulizi ya fungate huliruka, na hilo nalo linaunganisha bahari na ziwa. Nguo ile ile iliyo tamu katika hadithi ya Ali ilikuja kuwa bidhaa kuu ya biashara ya bara. Mwishoni mwa karne ya 18, pembe za ndovu za nchi ya Kazembe zilikuwa zikipita mikononi mwa Wabisa na Wayao mpaka pwani ya Kilwa, na nguo zikirudi bara. Lakini njia za pembe zilipitisha na watu. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliandikiana mkataba na Mfaransa Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Katika karne iliyofuata Kilwa Kivinje ilikuwa mojawapo ya bandari kubwa za biashara hiyo. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye maisha yake aliyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, alimshinda Nsama wa Itabwa, katika nchi iliyo mashariki ya Mweru. Na Novemba ya mwaka huo huo Livingstone alifika ziwani akiwa katika njia hizo hizo za wafanyabiashara wa pwani. Kwa hiyo mtu wa Mununga si mgeni kamili magofuni pa Kilwa. Huenda jamaa za bibi wa bibi zake walipita njia hiyo, wala hawakupita kwa kupenda. Mwongozaji anayemwambia habari za dhahabu ya Sofala na birika la pembe nane, akanyamaza kuhusu watu, amempokea kama mtalii na kumnyima haki yake kama jamaa.

Tunajua hoja zitakazotolewa kumtetea mwongozaji, nazo si za kupuuzwa. Kwanza, muda wake ni mfupi: jua ni kali, chombo kinangoja, maji yanapwa. Pili, riziki yake inategemea bakshishi, na mgeni aliyefurahi hutoa zaidi ya mgeni aliyehuzunika. Tatu, ndiyo hoja nzito, maarusi hawakuja kusikia habari za utumwa na za baba aliyeondolewa kisiwani. Wamekuja kufurahi. Kuna adabu gani kuwatia simanzi katika wiki yao?

Hoja mbili za kwanza ni za kweli, na dawa yake haimo mikononi mwa mwongozaji peke yake. Msimulizi anayelipwa kwa kufurahisha atafurahisha. Tukitaka aseme yote, hapana budi alipwe kwa kazi ya kusema, apewe maandiko hayo matatu ayasome, na aheshimiwe kama mwalimu. Ama hoja ya tatu hatuikubali, tena tunaikataa kwa ushahidi wa fungate yenyewe. Somo hakuwa mtumbuizaji. Alikaa na bibi arusi ili amwambie yale ambayo nyimbo za ukumbini hazikuyasema: jinsi ya kuishi na watu wa mumewe, jinsi ya kutosahau watu wake, jambo la kuvumilia na jambo la kutovumilia. Wazee waliona kwamba wiki ya furaha ndiyo wiki ya maneno mazito, kwa sababu maneno hayo yakichelewa hayasaidii. Basi habari ya binti aliyetumwa kumhamisha baba yake si uchuro kwa maarusi. Ni somo lao hasa. Bwana arusi naye anahitaji kulisikia, pengine kuliko mkewe, maana yeye ndiye anayeweza siku moja kumtuma mke ujumbe kama ule.

Wala hatutaki mwongozaji abuni jina. Wapo wasimulizi wa siku hizi ambao pengo likitokea hulijaza kwa uzushi mzuri, na hadithi ikiisha kupendeza huwa vigumu kuing'oa. Kumpa Binti Mrimba jina la kubuni ni kumzika mara ya pili. Kinachotakiwa ni kidogo zaidi na kigumu zaidi. Mwongozaji akifika katika habari ya nguo, asimame, aseme kwamba andiko la Kiswahili linamtaja binti wa Mrimba aliyeolewa na Ali, kwamba ujumbe wa kuhama ulipita kwake, kwamba mwanawe ndiye aliyeunganisha kisiwa na bara, na kwamba jina lake halikuandikwa. Maneno hayo hayamalizi dakika mbili. Chombo hakitamwacha mtu.

Kwa walimu wa Kiswahili kazi iko karibu zaidi. Hadithi hizi mbili zinafaa kufundishwa pamoja katika madarasa ya fasihi simulizi. Mwanafunzi apewe muhtasari wa maandiko matatu ya Kilwa, aulizwe ni nani anayeonekana katika moja na kukosekana katika jingine, na ni nani aliyefaidika na kukosekana huko. Kisha apewe hadithi ya Nachituti, atafute kazi ya udongo na maji mahali ambapo Kilwa waliweka nguo. Baada ya hapo apelekwe kwenye gofu lililo karibu naye, liwe Kaole, Gede, Kunduchi au jingine lolote, amsikilize mwongozaji akiwa na daftari mkononi, si kwa kumkomesha bali kwa kumhakiki kama anavyomhakiki mtambaji wa ngano. Na pale ambapo hakuna magofu, kama ilivyo Mununga, aende kwa wazee akaulize nchi hii ilitoka kwa nani ikaenda kwa nani, na mwanamke aliyekuwapo siku hiyo aliitwaje. Jibu aliandike kama lilivyotolewa, pamoja na jina la mahali na tarehe, hata kama wazee wawili watatofautiana. Tofauti yao ndiyo mwanzo wa uhakiki.